Picha za nje kwa flashi: shata ifuate jua, flashi iache ilivyo

Kivuli_cha_Mwembe (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu.

Kila msimu wa harusi ukianza, maswali kwenye magrupu ya wapiga picha ni yale yale. Picha ya kwanza imetoka safi, ya pili gauni limeungua, ya tatu sura imezama kwenye giza, na mtu anauliza flashi yake ina ugonjwa gani. Flashi haina ugonjwa. Wingu limepita, jua likapungua, likarudi, na mpiga picha akaanza kugeuza kila kitu kwa wakati mmoja: tundu la lenzi, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga), nguvu ya flashi, shata (muda kamera inaachia mwanga uingie). Dakika tano baadaye hajui tena alianzia wapi, na maharusi wamesimama juani wanatoka jasho.

Msimamo wangu ni mmoja na nitautetea humu: nje, kinachobadilika ni jua. Basi badilisha kile tu kinachogusa jua.

Ukipiga kwa flashi nje, mwanga wa aina mbili umeingia kwenye picha moja. Wa jua unamwagika muda wote shata ikiwa wazi. Wa flashi ni mlipuko mfupi, unaanza na kuisha shata ikiwa bado wazi. Kwa hiyo ukitoka 1/200 ukaenda 1/100, jua linaongezeka mara mbili na flashi inabaki vile vile. Ukibana tundu la lenzi, vyote viwili vinapungua. ISO nayo inagusa vyote viwili. Shata peke yake ndiyo inayotenganisha. Nani alituambia tuache hiyo tukimbilie ISO?

Tuje kwenye namba. Kanuni ya zamani ya wapiga picha wa filamu bado ni ya kweli: jua kali bila wingu, tundu f/16 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), shata sawa na ISO. ISO 100 maana yake 1/100 kwa f/16, ambayo ni sawa na 1/200 kwa f/11. Kamera nyingi tunazotumia zinakubaliana na flashi hadi 1/200 au 1/250 tu, ukizidisha hapo kuna mambo mengine ambayo wadau watayaleta. Sasa ukipiga kwa f/11, kila kitu nyuma kinaonekana: kibanda cha chipsi, bodaboda, mtu anayepita na ndala mkononi. Ndiyo maana mimi nje lenzi yangu haitoki bila filta ya ND8, kioo cheusi cha kupunguza mwanga. Inakata stopu tatu (kila stopu inapunguza mwanga nusu), f/11 inakuwa f/4, nyuma inayeyuka vizuri na shata iko pale pale 1/200.

Ninavyofanya nikifika eneo la kazi: nawageuza wanaopigwa wape jua mgongo, ili liwachoree mstari wa mwanga kwenye nywele na mabega na macho yao yapumzike. Flashi imezimwa. Napiga picha moja. Hapo sura itakuwa nyeusi, isikusumbue, angalia anga na mandhari tu. Nabana hadi anga lipate rangi yake, mara nyingi ni stopu moja chini ya kipimo, kwa hiyo kwa ND8 nitaishia kwenye 1/200, f/5.6, ISO 100. Nikiridhika na anga, nawasha flashi kwa mkono (nguvu naipanga mwenyewe, si kamera), taa iko mita moja na nusu kutoka usoni, naanza na nusu ya nguvu, napanda au nashuka nikiangalia sura tu. Sura ikikaa sawa, flashi siigusi tena, tundu siligusi, ISO siigusi.

Wingu jepesi likipita, naenda 1/125 au 1/100. Wingu zito la kukata stopu mbili, 1/50, na hapo naomba maharusi watulie. Jua likirudi, narudi 1/200. Kidole gumba kimoja, gurudumu moja. Sura inabaki ile ile kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho, na ukifika nyumbani kuhariri huhangaiki na picha mia tatu zenye sura za watu tofauti.

Sharti moja: taa isisogee. Kijana wa kushika taa akirudi nyuma kutoka mita moja na nusu hadi tatu, mwanga unaofika usoni umebaki robo. Hizo ni stopu mbili zimepotea na hakuna aliyegusa kamera. Mimi humpa kijana kamba iliyofungwa kwenye stendi, anapima umbali nayo kila tukihama.

Nawasilisha. Wenye nondo zaidi wazishushe.

---

Nyali_Boy

Asante sana mkuu kwa somo, nakusoma kutoka Mombasa. Nina swali ambalo limenisumbua. Mimi natumia HSS (flashi inayokubali shata za kasi), niko 1/2000 kwa f/1.8, nyuma inayeyuka kweli kweli bila filta yoyote. Lakini nikifanya hii yako ya kufuata jua kwa shata, sura nayo inabadilika. Nikienda 1/4000 sura inakuwa giza. Kwa nini kwangu haikubali?

---

Pazia_la_Pili

Nyali_Boy, ngoja nijibu hilo, ndipo wengi wanapopotelea.

Shata ya kamera ni mapazia mawili. La kwanza linafunguka, la pili linafuata kufunga. Hadi 1/200 hivi, kuna muda ambao la kwanza limeshamaliza safari na la pili halijaanza, yaani sensa yote, kile kipande kinachopokea picha, iko uchi. Flashi inalipuka hapo hapo na kila sehemu ya picha inapata. Ukipanda hadi 1/2000, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijafika mwisho, kwa hiyo kinachopita juu ya sensa ni mwanya mwembamba. Mlipuko mmoja ungemulika kipande tu, na picha iliyobaki ingekuwa nyeusi.

HSS inatatua hilo kwa kufanya flashi ipigepige haraka haraka muda wote mwanya unapopita. Macho yetu yanaona mlipuko mmoja, lakini kwa kamera huo si mlipuko tena, ni mwanga unaowaka mfululizo kama jua. Na mwanga unaowaka mfululizo unatii shata. Ndiyo maana kwako 1/4000 imepunguza jua nusu na flashi nusu. Fundisho la mkuu Kivuli linafanya kazi chini ya 1/200 au 1/250 tu. Ukivuka hapo, shata inagusa vyote viwili, na sehemu pekee ya kuitenganisha flashi ni kwenye nguvu yake.

Kuna bei nyingine. Ukivuka tu mpaka ule, flashi inapoteza kama stopu mbili za nguvu hapo hapo, na kila unavyopanda shata unazidi kupoteza. Betri inakwisha upesi, taa inachemka na inajizima kujilinda katikati ya kazi. Halafu watu wanalaumu betri.

Kwa wanaopenda kujua dunia inaelekea wapi: Sony A9 III iliyotangazwa mwaka 2023 haina mapazia wala haisomi sensa mstari kwa mstari, inasoma yote kwa mara moja, na inakubaliana na flashi hadi 1/80000. Kwa kamera za namna hiyo mjadala wa HSS utakufa wenyewe. Kwa bei yake, wengi wetu tutaendelea na ND.

---

Kivuli_cha_Mwembe

Shukrani mkuu Pazia, umeeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi.

Niongeze tu kwamba HSS siichukii. Ukiwa na mtoto anayekimbia ufukweni, ND na 1/200 havikusaidii, mwanga wa jua utaacha kivuli cha mwendo nyuma ya mikono na miguu. Hapo panda 1/1600, sogeza taa karibu iwezekanavyo, toa softiboksi (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga) ikibidi. Lakini kwa watu waliosimama wakapozi, ND inakuachia nguvu yote ya flashi na gurudumu lako la shata linabaki la jua peke yake. Nyali_Boy, jaribu ND8 na f/4 halafu uje utupe majibu.

Na tahadhari: filta za ND za bei chee zina rangi. Nyingine zinatia zambarau kwenye ngozi ambayo huitoi hata ufanyeje. Kabla ya kununua, piga karatasi nyeupe ukiwa na filta na bila filta, pale pale dukani.

---

Kusi_na_Kaskazi

Assalaam aleikum wapendwa. Mimi niko Unguja, kazi zangu nyingi ni za ufukweni, naomba niseme mawili kuhusu upepo na kuhusu jua la jioni, maana uzi umekaa sana kwenye mchana.

Upepo. Wakati wa kusi, softiboksi ya sentimita 120 kwenye stendi si taa tena, ni tanga. Itaondoka na stendi, itaangukia bibi harusi au itaangukia maji ya chumvi, na maji ya chumvi hayasamehe flashi. Mifuko ya mchanga ni lazima, na mchanga uko pale pale chini bure, unabeba mifuko mitupu tu. Lakini bora kuliko stendi ni mtu. Kijana aliyesimama upande unakotoka upepo, ameshika taa kwenye fimbo, anaona upepo unakuja kabla stendi haijauona. Mimi kukiwa na kusi kali naacha softiboksi kabisa, natumia mwavuli mdogo au kikombe cha chuma cha taa yenyewe. Kivuli kinakuwa kikali kidogo, lakini jua la pwani lenyewe ni kali na vinaendana.

Jua la jioni. Wageni wanakuja na mambo waliyosoma kwenye mafunzo ya Ulaya, kwamba saa ya dhahabu ni ndefu, unapiga taratibu. Huko jua linazama kwa mshazari. Kwetu linashuka karibu wima, digrii kumi na tano kwa saa. Tangu liwe digrii kumi juu ya upeo hadi lizame ni kama dakika arobaini, basi. Na likishazama, mwanga uliobaki angani unapungua karibu stopu moja kila dakika tatu. Hesabuni wenyewe: bi harusi akienda kurekebisha mtandio kwa dakika sita, akirudi mwanga wa anga umebaki robo.

Hapa njia ya ndugu Kivuli inang'aa. Flashi na tundu vimekaa sawa, mimi kila dakika chache naongeza muda wa shata: 1/200, 1/125, 1/60, 1/30. Kwanza natoa ND mara tu jua linapogusa maji, halafu nguvu ya flashi nashusha stopu tatu zile zile nilizozipata. Ikifika 1/30 nasimamisha kamera kwenye miguu mitatu, au napandisha ISO stopu moja na kushusha flashi stopu moja kwa pamoja, sura inabaki ilivyokuwa na anga linapanda.

Rangi je? Flashi ni nyeupe, kama 5600 K (K hupima rangi ya mwanga, ikishuka mwanga ni mwekundu zaidi). Jua la magharibi liko 3000 K au chini. Ukimpiga mtu kwa flashi tupu na nyuma yake kuna machweo, anaonekana amekatwa gazetini akabandikwa. Weka karatasi ya CTO, ile ya rangi ya chungwa, juu ya taa. Robo kwa jua lililoanza kuwa la manjano, nusu likiwa jekundu. Hizi karatasi ni rahisi, zinakaa mfukoni, na sielewi kwa nini watu wanaonunua taa za mamilioni hawanunui.

---

Pazia_la_Pili

Umenena kweli tupu kuhusu CTO. Na niongeze kwa wa bara: wateja wanaotaka "machweo baharini" pale Coco Beach, Dar, waelezeni mapema kwamba ufukwe ule unatazama mashariki. Jioni jua liko nyuma ya mji. Bahari ikiwa nyuma ya maharusi, jua linawapiga usoni. Ukitaka jua nyuma yao na bahari nyuma yao, njoo alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi pale kuna mwanga mzuri sana na hakuna watu. Machweo ya kuzama majini yako upande wa magharibi wa kisiwa cha Unguja, Forodhani, Nungwi, Kendwa, na wenzetu wa Mwanza wanayapata ziwani.

---

Jua_Latosha

Mimi nitapingana na nyinyi kidogo, kwa heshima.

Tunawafundisha vijana kwamba bila taa nje hakuna picha, na si kweli. Seydou Keïta kule Bamako, kuanzia 1948 hadi 1962, alipiga picha uani kwa mwanga wa jua, na kitambaa nyuma. Picha zile leo ziko kwenye makumbusho makubwa ya dunia. Rifleta (kitambaa cha kurudisha jua usoni) ya mita moja inakupa mwanga laini, haina betri, haichemki, haiungui.

Na kuna jambo ambalo hamjalitaja: rifleta inafuata jua yenyewe. Wingu likipita, jua linapungua na mwanga wa rifleta unapungua nalo. Uwiano kati ya sura na nyuma haubadiliki sana. Kamera yako ikijipimia mwanga yenyewe, picha zinatoka sawa. Nyie mmetengeneza tatizo kwa flashi, sasa mnatafuta dawa ya tatizo.

---

Kivuli_cha_Mwembe

Mkuu Jua_Latosha, hoja ya uwiano ni nzito na nakubali kwa wingu jepesi. Na Keïta alichagua ua wake na saa yake. Mwenye uwezo wa kuchagua, achague kivuli cha ukuta mweupe saa tatu asubuhi, wala asifungue begi la taa.

Lakini harusi zetu hazichagui. Kanisani wanatoka saa sita na nusu, msafara unasimama ufukweni saa saba, ukumbini wanatakiwa saa kumi na mbili. Kwa Dar, mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri linapita juu ya utosi kabisa. Macho yanakuwa mashimo mawili meusi, pua inatupa kivuli juu ya mdomo. Rifleta wakati huo unaishika chini, inamulika kutoka kidevuni kwenda juu, na mtu anafumba macho kwa sababu umemrudishia jua lenyewe usoni. Wingu zito likiingia, jua linakuwa halina upande, rifleta haina cha kurudisha, na picha inalala bapa.

Wapi rifleta inanishinda? Saa kumi jioni, jua liko pembeni, mtu mmoja tu anapigwa. Hapo nakupa ushindi bila ubishi. Familia ya watu kumi na wanne, hapana.

---

Mama_Mita

Wakaka mmezungumza kila kitu isipokuwa ngozi. Naomba nafasi.

Mita ya ndani ya kamera, yaani kipima mwanga chake, inadhani dunia yote ni kijivu. Ikiona ngozi nyeusi iliyojaza fremu, inasema giza, inaongeza mwanga, na ngozi inatoka kama imepauka. Ikiona gauni jeupe limejaza fremu, inapunguza, na sura inazama. TTL, ambayo kamera yenyewe inaipangia flashi nguvu, inafuata akili hiyo hiyo. Bwana harusi mwenye suti nyeusi akisogea mbele, flashi inapanda. Bibi harusi akisogea mbele, flashi inashuka. Watu ni wale wale, mahali ni pale pale, jua ni lile lile, na flashi inapanda na kushuka. Ndiyo maana naunga mkono flashi kwa mkono kwa asilimia zote. Ukitaka, anza na TTL kwa picha moja, kisha igeuze iwe ya mkono. Triga (kifaa cha juu ya kamera kinachowasha flashi kwa redio) nyingi siku hizi zina kitufe cha kubeba kipimo kile kile.

Mimi napima kwa mita ya mkononi, ile ya kushika chini ya kidevu ikitazama kamera. Hiyo inapima mwanga unaofika, si mwanga unaorudi, kwa hiyo rangi ya ngozi wala ya nguo haiidanganyi. Asiye nayo aangalie histogramu (grafu ya kutoka giza kushoto hadi weupe kulia) ya picha yenye gauni: weupe wa gauni uishie karibu na ukingo wa kulia bila kuugusa, kisha angalia kama shavu lina umbo.

Na umbo ndilo ninalolitaka kusema hasa. Ngozi yetu nyeusi inachorwa na mng'ao. Taa ndogo tupu inaacha alama nyeupe moja kali kwenye paji la uso na kwenye ncha ya pua, ambayo hakuna programu itaitoa bila kuacha kidonda. Taa pana, karibu, pembeni kidogo, inatandaza mng'ao huo kwenye shavu lote na mfupa wa shavu unaonekana. Ukishindwa na nguvu ya jua, usikimbilie kutoa kitambaa cha softiboksi. Sogeza taa karibu kwanza, hadi ukingo wake uwe nje kidogo tu ya fremu. Kutoka mita mbili hadi mita moja umepata stopu mbili bure, na taa imezidi kuwa pana machoni pa anayepigwa.

Tishu. Bebeni tishu. Jasho la saa saba ufukweni likichanganyika na mafuta, taa nzuri kuliko zote itaonyesha jasho. Unapapasa, hufuti, ili vipodozi visiondoke. Kwa bibi harusi mwombe msimamizi wake afanye, si wewe.

---

Karura_Lens

Habari wadau. Mimi ni wa Nairobi. Huku Julai ni mawingu kutwa, mwanga laini, na spidilaiti (flashi ya kuchomeka juu ya kamera) ndogo ndani ya mwavuli inatosha kuleta uhai machoni. Shida yangu ni msituni. Wateja wanapenda miti, na chini ya miti jua linapenya kwa madoadoa, doa moja kwenye shavu, jingine kwenye shingo. Nikiongeza flashi, madoa bado yapo. Mnafanyaje?

---

Kusi_na_Kaskazi

Ndugu wa Nairobi, doa la jua kali huliondoi kwa flashi ila kwa kulishinda kabisa, yaani ubane jua stopu mbili au tatu chini, na msitu wote unakuwa usiku. Wakati mwingine ni picha nzuri, lakini si aliyoomba mteja. Zuia jua lenyewe. Kijana mmoja ainue kitambaa cheupe chembamba, au kile cha katikati cha rifleta ukishakitoa ganda, kati ya jua na kichwa cha mtu, nje ya fremu. Sasa mtu wako yuko kwenye kivuli laini, madoa yamebaki nyuma kwenye majani ambako yanapendeza, na flashi yako ndogo inaweza kazi. Angalia na rangi: majani yanarudisha kijani kwenye ngozi, hasa chini ya kidevu. Flashi ya mbele inaosha hilo.

---

Kijana_wa_Ilala

Wakuu nimejifunza sana, nimekaa hapa tangu asubuhi. Maswali mawili. La kwanza, kwa nini nisiweke kamera kwenye A, ambayo mimi nachagua tundu na yenyewe inachagua shata, flashi nikaiweka kwa mkono? Si itafuata jua yenyewe? La pili, mwenye bajeti ya taa moja anunue ipi, spidilaiti, ya 200 Ws au ya 600 Ws (Ws ni kipimo cha nguvu ya taa)?

---

Kivuli_cha_Mwembe

Mdogo wangu, swali la kwanza ni zuri sana, na jibu ni ndiyo, inafanya kazi. ISO iwe imefungwa, ile ya kujipandisha yenyewe izimwe, maana ikipanda inabeba na flashi. HSS izimwe, ili shata isivuke mpaka kimya kimya. Kipimo kiwe minus 1 ili anga lipate rangi. Ukifanya hivyo, wingu likipita kamera inashusha shata yenyewe na sura haiguswi. Kasoro yake ni ile aliyoisema dada Mama_Mita: gauni jeupe likijaza fremu, kamera itadhani jua limeongezeka. Kwa picha za kutembea, watu wanakuja kwako na jua linacheza, natumia hiyo. Kwa picha za kupozi narudi kwenye mkono.

La pili. Kutoka 200 Ws hadi 600 Ws ni stopu moja na nusu tu, wakati uzito na bei vinapanda sana. Kwa mtu mmoja au wawili, taa ya 200 Ws kama Godox AD200 ikiwa karibu, na lenzi yenye ND, inashindana na jua la Dar. Softiboksi yenye vitambaa viwili inakula stopu moja hadi mbili, kumbuka hilo, toa kitambaa cha ndani mchana. Makundi makubwa mchana kweupe ndiyo yanayodai 600, au 200 mbili upande mmoja. Spidilaiti peke yake dhidi ya jua la saa saba itakuchosha, labda uitoe mwavuli na kuiweka mita moja. Taa moja, ND8 moja, robo na nusu CTO, mifuko miwili mitupu ya mchanga. Ukiwa na hivyo, fedha inayobaki mlipe kijana wa kushika taa.

---

Nyali_Boy

Nimerudi na majibu kama nilivyoambiwa. Leo jioni Nyali, ND8, f/4, ISO 100, flashi robo ya nguvu mita moja na nusu. Mawingu yalikuwa yakienda na kurudi, nimecheza kati ya 1/250 na 1/60 na sura imebaki ile ile picha zote. Nimefurahi mno. Tatizo moja: zile za 1/250 zina mstari wa giza chini ya picha, kama kivuli. Kamera imeandikwa 1/250 kwenye kijitabu chake.

---

Pazia_la_Pili

Hongera mkuu. Mstari huo ni pazia la pili, limeanza kuingia kabla flashi haijamaliza. Ile 1/250 ya kijitabu ni kwa flashi ya kampuni yenyewe ikiwa juu ya kamera. Triga ya redio inachelewa kidogo, na flashi kubwa ikiwa nguvu yote mlipuko wake unakuwa mrefu zaidi. Shuka hadi 1/200, ukiona bado, 1/160. Piga ukuta mweupe kivulini ukiwa nyumbani, flashi ikiwa nguvu yote, ushuke hatua moja moja hadi mstari upotee, hiyo ndiyo namba ya kamera yako na triga yako. Jua linaloongezeka, theluthi ya stopu kwa 1/200 au theluthi mbili kwa 1/160, utalibana kwenye tundu, na flashi uipandishe kiasi hicho hicho.